Niliwakataza Wenzangu Kupanda Cheo kwa Kuogopa Kodi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba kwanza usinicheke, maana nikichekwa na wewe pia sitakuwa na pa kukimbilia. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, huu ni mwaka wangu wa saba ughaibuni, napiga pasi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na mahospitali, na tunaishi watu kumi na mmoja wa kutoka nyumbani kwenye nyumba moja, jiko moja, bafu moja, na humo ndani naitwa Profesa. Sikujipa jina hilo, nilipewa, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua mambo ya kodi, au tuseme ndivyo tulivyodhani.

Ilikuwa hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya zamu za ziada mwezi mzima, mgongo ukakaribia kukatika, halafu siku ya mshahara nafungua karatasi ya malipo nakuta nimepata pungufu kuliko mwezi ambao sikufanya ziada hata saa moja, nikakaa kitandani nikawaza, nikakumbuka lile jedwali la kodi lililobandikwa ukutani kazini, lenye madaraja, kwamba ukipata hadi hapa unakatwa kidogo, ukivuka hapa unakatwa zaidi, nikasema ahaa, kumbe ukivuka mstari hata kwa senti moja wanaukata mshahara wote kwa kile kiwango cha juu, kwa hiyo anayeongezewa kidogo ndiye anayepoteza. Sikumuuliza mtu. Jioni ileile nikawaambia wenzangu jikoni, jamani, nyongeza ni mtego, wakaacha kula wakanisikiliza, na nakiri mshauri, nilipenda vile walivyonisikiliza.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepewa nyongeza bila kupita kwangu. Mrefu, yule wa mashine za kukaushia, aliitwa apewe zamu za ziada nikamwambia kataa, akakataa. Fundi wa boila aliongezewa mshahara akaenda ofisini kuomba upunguzwe, meneja akamtazama akamuuliza kama anaumwa. Mmoja tu ndiye aliyenipuuza, tunamwita Kichwa Ngumu, akakubali kuwa msimamizi wa ghala, na sisi tukamhurumia mpaka tukamchangia, bahasha niliizungusha mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili akasema asanteni ndugu zangu, na kila tulipomwona na viatu vipya tulisema maskini, anakopa.

Sasa humu ndani yupo mwanamke tunamwita Mama Pacha. Mapacha wake wana miaka tisa, wako nyumbani kwa bibi yao, aliwaacha wakiwa na mitatu. Anakunja mashuka haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na miaka mitatu iliyopita meneja alimtaka awe msimamizi wa zamu ya asubuhi, kazi ambayo mshahara wake unafika kile kima ambacho mgeni akikifikia, huku ndipo anaruhusiwa kuleta watoto wake. Alikuja kwangu na barua ya kupandishwa cheo, furaha imemjaa, na mimi nikachukua kalamu nikampigia hesabu, nikamwonyesha kwamba kodi itamla mpaka abaki na pungufu kuliko sasa, nikamwambia dada yangu, utawaleta waje walale njaa? Akalia, akairudisha barua. Kesho yake akaniambia asante kaka, bila wewe ningetumbukia shimoni, na mpaka leo chai ya kwanza jikoni ananimiminia mimi. Na mimi, mshauri, nampenda. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia.

Mwezi uliopita ndipo yakabadilishwa madaraja ya kodi kwa sisi wafanyakazi wageni, yalikuwa saba yamekuwa manne, na kile kiasi cha mwanzo kisichokatwa kitu kimeongezwa. Tangazo lilipobandikwa, mfano wake wa hesabu haukulingana na hesabu yangu, nikaona limekosewa, nikaenda kumsahihisha karani wa mishahara, binti wa rika la mtoto wa dada yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mzee, ukikanyaga dimbwi kwa mguu mmoja, unalowa mpaka kichwani?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi. Kila daraja linakata kile kipande kilichoingia humo tu, cha chini hakiguswi. Mtu hawezi kupandishwa mshahara akapata pungufu kwa sababu ya daraja." Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu kabla hajazaliwa. Nikamwambia na ule mshahara wangu wa mwaka wa kwanza je? Akafungua faili langu. Mwezi ule nilikatwa bei ya sare mbili, buti na godoro.

Na sasa nafasi ya msimamizi wa asubuhi imetangazwa tena, fomu zinapokelewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, Mama Pacha anapita pale ubaoni hata haangalii, na nyumba nzima imeniomba niitishe kikao niwaeleze madaraja mapya. Nimewaza hivi, nikisema kwamba zamani ilikuwa kama nilivyowafundisha ila sasa sheria imebadilika, nani ataumia? Yeye atajaza fomu, atapata kazi, ataleta watoto, mimi nitabaki na heshima yangu, na mambo yakitulia nitamweleza yaliyo moyoni. Nimelikoroga mwenyewe, mshauri, nisaidie kulinywa.

Profesa, ughaibuni

JIBU LA MSHAURI

Profesa, umeniomba nisikucheke. Umechelewa. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia mlangoni, hasa nilipofika kwenye ile bahasha ya pole. Huyo Kichwa Ngumu mfikishie salamu zangu. Kisha nikafika kwa mapacha, kicheko kikaniishia. Barua yako nimeirusha foleni kwa ajili ya hiyo Ijumaa, si kwa ajili yako.

Kukosea hesabu si dhambi, karatasi za kodi zimewatoa jasho watu wenye vyeti ukuta mzima. Lakini wewe uliona jambo moja, mwezi mmoja, ukiwa umechoka kitandani, ukalifanya sheria ya watu kumi na mmoja! Kuuliza si ujinga, baba. Mlango wa karani ulikuwepo miaka yote saba, na hukuugonga mpaka ulipopata sababu ya kwenda kumsahihisha. Umeyasema mwenyewe: ulipenda kusikilizwa. Huko ndiko kulikoanzia, godoro usilisingizie.

Sasa tuje kwenye huo mpango wako. Nakubali, ni mpango mzuri. Utafanikiwa. Ndiyo maana naukataza. Ukiwaambia sheria imebadilika watakupigia makofi, na Mama Pacha atakushukuru mara ya pili kwa kitu kilekile ulichomnyang'anya, na wewe umekaa hapo unakunywa chai yake na unawaza kumposa! Huna hata aibu? Na usijidanganye kwamba siri itakaa. Njia ya mwongo ni fupi, na katika nyumba ya bafu moja ni fupi zaidi. Kichwa Ngumu anajua ukweli tangu mshahara wake wa kwanza wa usimamizi, na siku mtakapogombania maji ya moto ataropoka yote.

Hata asiporopoka mtu, fikiri hili. Siku mapacha watakapomuuliza mama yao kwa nini alichelewa kuwachukua, atawajibu kwamba ilikuwa kodi. Haikuwa kodi. Ilikuwa wewe. Mwanamke huyu ana haki ya kujua ni nani wa kumkasirikia.

Kwa hiyo sikiliza. Kikao kisubiri. Leo hii nenda kamchukulie fomu. Nenda pia kwa yule binti wa mishahara, mwombe kwa adabu akupigie hesabu ya mshahara wa msimamizi baada ya kodi, kwa madaraja ya zamani na kwa mapya, kwa mwandiko wake, si wako. Kisha mwite Mama Pacha mchana, sehemu ya wazi, mwambie: nilikosea, haikuwa hivyo hata siku moja, nilikuzuia kuwaleta watoto wako kwa hesabu niliyoibuni. Ukishasema hivyo nyamaza. Usimweleze habari za sare na buti. Na usilie, tafadhali, maana ukilia atalazimika kukubembeleza wewe, na hiyo si kazi yake.

Baada ya hapo ndipo uitishe kikao, useme maneno yaleyale mbele ya wote. Fundi wa boila arudi kwa meneja amwambie amepona. Mrefu achukue zamu zake. Karani akikubali, mwalikeni aje awaeleze madaraja mapya, na siku hiyo chai umimine wewe. Jina la Profesa wakikuvua, liache liende tu, utapumua vizuri.

Mapenzi? Yaweke kabatini. Usimdokezee hata kwa jicho. Mtu uliyemkosesha watoto wake kwa miaka mitatu humwendei na maua wiki hiyohiyo uliyomwomba radhi. Ngoja awalete, awapeleke shule, azizoee asubuhi zake mpya. Kama siku moja atataka kukaa tena meza moja na wewe, atakaa bila kuitwa.

Na akikasirika, usimzuie. Akikwambia uondoke mbele yake, ondoka, usijitetee. Ila fomu iache pale mezani na kalamu juu yake. Anaihitaji kuliko anavyokuhitaji wewe.