Nyumba Isiyokwisha ya Bibi wa Kilakala

Kilakala, Morogoro

Kwa dada yangu Zuhura, Bagamoyo.

Shikamoo dada. Ukiipata barua hii, kaa kwanza. Usiisome umesimama jikoni, maana nataka uifikishe mwisho bila kuunguza mchuzi. Mimi mwili ni mzima. Kikohozi cha baridi ya huku kimeniachia, vidole vyangu vyote ninavyo, na chakula nakula. Zaidi ya hapo sina la kujisifia. Mama anaendeleaje na kifua chake? Shemeji ameshapona mguu? Mwanao wa mwisho ameota meno? Nijibu yote, hata kama majibu ni mabaya, kwa sababu nikikosa habari huwa najitungia zangu, na ninazojitungia ni mbaya kuliko zote.

Barua yako niliipata kwa yule mchuuzi wa samaki wakavu anayekuja na gari la moshi. Umeandika kwamba mvua imeangusha ukuta wa mbele wa nyumba ya mama, na kwamba amekataa kuhamia kwako, analala nyuma ya jamvi lililotundikwa mahali pa mlango, na fisi wanapita barazani. Umeandika kwamba kila jioni anauliza fundi wake, yaani mimi, anarudi lini, na kwamba hataki kingine duniani ila afunge mlango wake mwenyewe kabla hajafa. Halafu ukaongeza ukali wako, ukauliza ni nyumba gani hiyo ya Mdachi inayochukua muda kuliko boma. Nimekaa kimya kwa aibu, dada. Leo nakuambia. Nyumba yenyewe inanifika kifuani, na wanaokaa ndani yake ni wanasesere.

Cheka ukitaka. Mimi nilicheka pia, siku ya kwanza.

Unakumbuka msimamizi wa Bwana, huyu Mdachi, alipokuja kwetu kutafuta fundi wa milango. Alitaka nijifunge kwa miezi. Nikajiona mjanja, nikasema mbele ya karani wa boma kwamba mimi sihesabiwi miezi, nahesabiwa nyumba: nitakaa mpaka nyumba ya Bwana ikamilike, kisha narudi kwetu. Nilijua ninachosema. Kwetu kila mtu anajua nyumba inakwisha lini. Kuta zikisimama na paa likifungwa bado haijawa nyumba. Fundi anautundika mlango mwisho wa yote, mwenye nyumba anamvisha kilemba mbele ya watu, wanakula wali, na fundi anakusanya vyombo vyake. Hakuna anayeweza kumwambia arudi kesho. Wewe mwenyewe ulisema nimewaweza. Karani akaandika kama nilivyosema, nikaweka jina langu, nikapanda gari la moshi nikiimba.

Nilipofika hapa nikakuta nyumba ya Bwana imekwisha zamani, ya mawe, na bati juu. Nikadhani nimekosea njia. Ndipo Bibi, mke wa Bwana, akanipeleka chumba cha ndani kabisa na kunionyesha masanduku yaliyotoka Ulaya. Ndani mlikuwa na nyumba za mbao, za zamani sana. Moja ilikuwa ya nyanya yake, nyingine amezinunua kwa watu waliokuwa wakizitupa. Bibi huyu ni mtu mzima, dada, mrefu, ana mvi masikioni. Hana mtoto anayezichezea. Ni mapenzi yake mwenyewe: kutafuta nyumba za wanasesere zilizochakaa, kubandua karatasi za ukutani zilizooza, kubandika mpya, kutoa vitanda vya watu waliokufa na kuingiza vingine. Kwao wako wengi wenye mapenzi hayo, anasema. Mchwa walikuwa wameshaingia katika ile ya nyanya yake tangu bandarini, na ndiyo maana alihitaji fundi.

Nikaipima kwa macho nikajiambia, nyumba ndogo kazi ndogo, mwezi huu hauishi nitakuwa Bagamoyo. Ndilo kosa langu lote, na sidhani kuna mtu angelifanya isipokuwa fundi.

Kazi yenyewe sitaitukana. Patasi zangu zilikuwa kubwa mno, nikajitengenezea nyingine kwa vyuma vya mwavuli mbovu. Nimechonga viti ambavyo nikipiga chafya vinaruka. Nimetengeneza kabati lenye saraka za kuvuta, na meza ya kulia inayosimama juu ya kidole gumba. Mhindi wa duka la vitambaa kule mjini huniwekea vipande vya hariri kwa mapazia, na shanga kwa taa. Kila nikienda ananiuliza mke wangu wa shibiri moja hajambo. Siku nyingine, sebule ikiwa imepangwa na Bibi ameshika mshumaa dirishani, hata mimi husahau nilipo na kutamani kuingia niketi. Nakuambia hili ili usidhani nimefungwa minyororo. Ningefungwa minyororo ningejua pa kukatia kwa tupa.

Tatizo ni kwamba haikamiliki. Nikimaliza sebule Bibi anaitazama kwa furaha siku chache, halafu rangi inamchosha. Ya kijani anataka iwe ya maziwa. Ngazi iliyokuwa kushoto anataka kulia. Mawingu ya Uluguru yakishuka, karatasi za ukutani zinabanduka, tunaanza upya, na wala hakasiriki; nadhani ndicho anachokipenda zaidi. Nilikwenda kwa Bwana kuuliza nyumba itahesabiwa imekamilika lini. Hakuinua uso, akasema niliyataka hayo mwenyewe, nimuulize mwenye nyumba. Nikamuuliza mwenye nyumba. Akacheka vizuri tu, akasema nyumba ikikamilika atakuwa hana la kufanya.

Umeandika nitoroke. Kibarua mmoja wa mashamba ya mpira alitoroka mwezi ule wa Ramadhani, akakamatwa kituoni Ngerengere, akarudishwa amefungwa kamba. Walitukusanya tuone akichapwa kiboko. Sitaeleza zaidi kwa sababu barua zangu huwa unamsomea mama.

Yuko hapa mpishi wetu, Mzee Mloka, Mluguru wa huko juu milimani. Ndiye baba yangu wa huku. Anasema kwao mwali akiwekwa ndani hupewa mwana hiti, mtoto wa kuchongwa kwa mti, amvishe, ampake mafuta, amlee mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Siku moja tulikuwa tunamenya viazi nikamuuliza anaonaje hali hii ya Bibi. Akafikiri, akasema, "Huyu ni mwali ambaye hawajamcheza ngoma yake. Hakuna aliyekuja kumtoa. Na wewe, mwanangu, umewekwa ndani naye." Akaokota kiazi kingine akaendelea kumenya.

Basi nikatafuta hila. Zile nyumba za Kidachi hazina mlango wa kweli. Upande wote wa mbele hufunguka kwa bawaba, kama kabati. Nikajiambia, ndiyo maana haiishi, haina mlango wa kutundika. Nikachonga mlango wa mbele, wa kwetu, mbao mbili na mfaa, ule ubao mwembamba wa katikati zinapokutana, na nakshi pembeni. Siku ya kuutundika nilivaa kanzu. Nikamweleza Bibi desturi yetu yote: fundi akitundika mlango nyumba imekamilika, na mwenye nyumba humvisha kilemba. Alisikiliza kwa macho mawili, akaniuliza kilemba hufungwaje, nikamwonyesha kwa taulo la jikoni. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo, nimpe siku chache alitayarishe. Nilirudi chumbani kwangu nikakunja nguo zangu.

Kesho yake akaniagiza kinyago kimoja kidogo, mtu aliyeketi. Unajua sisi hatuchongi sura ya mtu. Nikachonga mwili bila uso, nikampa, nikidhani ni cha mwisho. Siku iliyofuata akaniita. Yule mtu alikuwa ameketi mbele ya mlango wangu, amevaa kanzu, na kichwani ana kilemba cha bafta, kimefungwa sawasawa kama nilivyoonyesha. Uso alikuwa ameuchora yeye mwenyewe. Ulikuwa uso wangu, dada, mpaka kovu la kidevuni.

"Fundi, nimekuvisha kilemba," akasema. "Sasa na wewe umehamia. Lakini fundi hawezi kukaa bila karakana. Tutaongeza chumba."

Hakuwa ananidhihaki. Machozi ya furaha yalikuwa yanamlenga. Laiti angenidhihaki ningejua la kufanya. Nilisema ahsante, nikaenda nikakunjua nguo zangu, na tangu siku hiyo sijaota Bagamoyo hata mara moja.

Ndipo barua yako ikafika. Nilienda nayo moja kwa moja kwa Bibi nikamwambia yote, ukuta, jamvi, fisi, na mama anayetaka kufunga mlango wake. Nililia mbele yake, mwanamume mzima. Akaniketisha kitini. Akauliza nyumba ya mama ina vyumba vingapi, baraza inatazama wapi, paa ni la makuti au la bati, kitanda kiko upande gani. Niliyajibu yote kwa haraka, kwa matumaini, kwa sababu nilidhani anapima ruhusa ya kunipa. Alipomaliza alinishika mkono, akasema, "Usilie, fundi. Mama yako tutamjengea hapa hapa."

Sikushika tupa siku ile wala iliyofuata. Mzee Mloka aliniletea uji nikaukataa. Alimwambia Bibi nina homa, na Bibi akaniletea dawa kwa mkono wake. Halafu, sijui nikuelezeje, mkono ulianza wenyewe. Nilikanda udongo wa kando ya mto, nikasuka fito, nikachana majani membamba yakawa makuti. Niliiweka baraza mahali pake na mtungi mahali pake. Nikasimamisha ule ukuta wa mbele ulioanguka. Kisha nikachonga mlango.

Unakumbuka kule kwetu, chini ya kitanda cha mama, kuna mbao za mninga na mwimo mmoja, nguzo ya ubavuni mwa mlango, niliouchonga nusu kabla sijaondoka, wenye lile ua ulilokuwa ukilifuata kwa kidole. Nimelichonga ua hilo hilo, miimo yote miwili, mpaka juu. Bibi alinipa kioo cha kukuzia, nikachonga mpaka macho yakatoa maji. Nilipoutundika ukafunga bila kukwaruza. Komeo likaingia. Sijapata kutengeneza mlango mzuri kama ule, na sitapata.

Bibi ameuweka mjengo huo kando ya nyumba ya nyanya yake, na yule wa kilemba ameketi barazani kwa mama. Jana amenong'ona kwamba ndani kuna giza mno. Anafikiria kubandika karatasi za maua.

Sasa nisikilize, dada, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Usiningoje tena. Zile mbao zitoe chini ya kitanda umpelekee Fundi Hamadi wa mtaa wa nyuma. Mwambie asihangaike na nakshi, ule mwimo wa nusu auache nusu, na wa pili auache mtupu. Ukuta ukishasimamishwa, apige mlango wa kufunga tu, kabla masika hayajarudi. Na siku ya kuutundika mvisheni yeye kilemba, kwa sababu ndiye atakayekuwa ameimaliza nyumba. Mimi sitaona vibaya. Nitaona vibaya, lakini mvisheni.

Nisalimie shemeji, na umwambie mguu asiukaze kabla haujapona. Nisalimie shangazi yetu muuza vitumbua, na mjomba wa msikitini aliyenifundisha kushika patasi. Kama atauliza kazi ya Ulaya ikoje, mwambie ni ndogo. Wanao wote wabusu vichwani. Mzee Mloka hamjui hata mmoja wenu, lakini kaniambia niandike kwamba anawasalimu.

Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu nina afya na ninakula. Na akiuliza tena jioni kama mlango wake nimeumaliza, mwambie nimeumaliza, nimeutundika kwa mkono wangu na unafunga vizuri. Hutakuwa umesema uongo. Ila asikuulize ukubwa wake.

Ni mimi mdogo wako, niliyehamia,

Salehe, fundi