Chumvi Ambayo Sikuiandika

Jumamosi, katikati ya masika. Mvua imekatika tangu asubuhi na Ujiji yote inafuka mvuke kidogokidogo. Milima ya Kongo leo haipo. Kuna ziwa, kuna weupe, basi. Nimekaa barazani na simu mkononi, naandika jambo ambalo ningependa liwe limemtokea mtu mwingine.

Ni siku za mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa imepumzika. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti samaki. Vichanja vya kuanikia dagaa kule ufukweni Kibirizi vimebaki vitupu, na mimi ninayesaga unga wa lishe wenye dagaa sina cha kusaga. Siku kama hizi akili yangu hutoka nyumbani bila kuaga. Nilipokuwa mdogo mama alinituma maji, nikarudi na ndoo tupu na hadithi ndefu. Alicheka, kisha akanituma tena.

Tabia hiyo sikuiacha. Ndiyo iliyonifikisha nilipo leo.

Mwaka jana nilianza kufungasha unga wangu: mahindi, mtama, karanga, dagaa. Nikaenda kwenye duka la steshenari kutengenezewa lebo. Dada wa kompyuta akapanga jina, picha ya ziwa, viambato, namba yangu ya simu. Chini ikabaki nafasi, upana wa vidole viwili hivi. Akaniuliza tuweke nini pale. Ukutani kwake alikuwa amebandika lebo za wateja wengine: asali inayotibu vidonda vya tumbo, majani ya mlonge yanayoondoa kisukari, mawese yanayosafisha damu. Kila mtu anatibu kitu.

Mimi nikatazama nje dirishani. Nikauona unga wangu umepangwa kwenye duka kubwa Dar es Salaam, chini ya taa nyeupe, na mama mmoja mwenye miwani anaunyooshea mkono. Nilimwona hadi pete yake. Nikasema, huku bado namtazama yule mama, "Andika, Hushusha presha."

Maneno mawili tu. Sikuyasoma popote, sikuambiwa na daktari, sikumwona mgonjwa hata mmoja aliyepata nafuu. Yalisikika vizuri, na yalitosha kwenye nafasi.

Juzi Alhamisi tulikuwa na mafunzo ya wasindikaji wadogo kwenye ukumbi wa kata. Afisa wa viwango alikuwa mama mpole, wa sauti ya chini, ambaye ilibidi tunyamaze ili tumsikie. Alitaka kila mtu aje na pakiti yake. Akatueleza kwamba lebo ionyeshe uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, nani katengeneza na wapi. Viambato viandikwe vyote, kinachozidi kwa uzito kitangulie. Jedwali la virutubisho litoke maabara, lisinakiliwe kwenye pakiti ya jirani. Hapo wengi wetu tulikumbuka kutazama dari. Tena akasema chakula hakiruhusiwi kujitangaza kwamba kinatibu ugonjwa, hata kama mwenye nacho anaamini kwa moyo wake wote.

Kisha akaishika pakiti yangu. Akaisoma polepole. Niliamini atasifia picha ya ziwa.

"Chumvi iko wapi?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa madaha kwamba mimi kwenye unga wangu siweki chumvi kabisa.

"Dagaa wako ni wa msimu gani?"

Dagaa wangu ni wa masika. Na masika, mtu yeyote aliyewahi kukanyaga Kibirizi anajua, jua halitoshi, kwa hiyo dagaa hutiwa chumvi kwanza ndipo waanikwe, wasije wakaoza. Nimekula dagaa hao tangu nina meno mawili. Kwangu ile si chumvi, ndivyo dagaa walivyo. Iliingia kwenye unga wangu imebebwa na samaki, haikupita mkononi mwangu, na hata mngenishikisha msahafu ningeapa kwamba haimo.

Nilitoka pale nimenuna. Nilijiambia haya ni mambo ya ofisini, yana watu wake. Lebo nilizonazo bado ni nyingi. Zikiisha, nitabadilisha.

Zikiisha!

Leo asubuhi nikapanda kwenda Mwandiga kumpelekea Mwalimu Elia pakiti zake mbili. Mwalimu Elia ndiye aliyenifundisha kusoma, darasa la kwanza. Sasa amestaafu, ana migomba yake na kuku wake, na ndiye aliyekuwa mteja wangu wa mwanzo kabisa. Siku ile nilipompa pakiti ya kwanza hakuangalia unga. Alivaa miwani akasoma lebo nzima kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kama alivyokuwa akitusomesha sisi. Nilisimama mbele yake nikiwa na umri wa miaka saba tena. Alipomaliza akanitazama kwa furaha ambayo nimeibeba mwaka mzima.

Mkewe, Mama Yusta, alinipokea uani. "Mwakeye, mwanangu," akanisalimu kwa Kiha, lakini alikuwa akinisalimu huku anatazama ndani. Nikaingia. Mwalimu alikuwa ameketi, viwiko magotini, kichwa mikononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sada." Alichukua muda kuniona, kama vile nilikuwa mbali. "Umeniletea dawa yangu?"

Nilidhani anatania.

Mama Yusta akanivuta jikoni. Akaniambia mzee ana wiki tatu hajagusa vidonge vyake vya presha. Anakunywa uji wangu, bakuli asubuhi na bakuli jioni, na tangu juzi anaumwa kichwa na macho yanaona ukungu. "Nikimwambia ameze dawa, ananionyesha pakiti. Ananiambia Sada ameandika, na Sada nimemfundisha mimi."

Nakumbuka mambo ya ajabu ya dakika ile. Kuku alipita na kifaranga kimoja tu. Sufuria ya uji ilikuwa pembeni ya jiko, na uji ulikuwa umeganda juu, laini, mzuri. Nilipenda jinsi ulivyotoka. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa, sehemu moja ya akili yangu ilikuwa bado inausifia uji.

Tulimpeleka zahanati, sisi wawili tumemshika huku na huku. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, watu wanatokea ndani yake na kupotea. Mwalimu alikuwa anasalimiwa na kila mtu na anamjibu kila mtu, taratibu, kwa adabu yote. Mimi nilikuwa natembea ndani ya kitu kama usingizi. Nilijikuta naomba, bila sauti, neno moja tu, asianguke, asianguke.

Nesi akampima. Akampima tena mkono wa pili. Hakusema namba, ila alimwita mwenzake, na hilo lilinitosha. Walimlaza, wakampa dawa, wakamwambia asizungumze. Kwa Mwalimu hilo ni gumu kuliko ugonjwa wenyewe. Nesi akauliza nini kimebadilika nyumbani, na kabla Mama Yusta hajafungua mdomo Mwalimu akatoa pakiti kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekuja nayo.

"Soma hapo chini," akamwambia.

Nesi akaisoma kwa sauti. Hushusha presha. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, mdomoni mwangu mwenyewe, nikiuza. Sikuwahi kuyasikia yakisomwa na mtu aliyeshika kipimo cha presha.

"Nani ameandika hivi?"

Mwalimu, amelala pale, midomo mikavu, akanyoosha kidole kwangu. "Mwanafunzi wangu," akasema. Alisema kwa fahari.

Nilitaka ardhi ipasuke, na haikupasuka. Nikasema. Nikamweleza pale pale, mbele ya nesi na Mama Yusta, kwamba sikujua. Kwamba kulikuwa na nafasi kwenye lebo na mimi nilikuwa naota. Kwamba dagaa wana chumvi ambayo sikuiandika, na kwamba juzi nimeambiwa nikanuna. Nilizungumza upesi upesi, nikalia katikati, nikaendelea.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Nilitamani anikaripie. Zamani alikuwa mkali, tulikuwa tunajificha chooni. Alichosema alikisema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Niliisoma mara mbili, Sada. Sikuona kosa."

Basi. Akafumba macho akapumzika.

Walikaa naye hadi mchana. Presha ikaanza kushuka, kidogo, halafu kidogo tena. Nesi alisema tumshukuru Mungu kwa kuja leo, tungengoja hadi Jumatatu pengine tungechelewa. Arudi kwenye vidonge vyake, asiache hata siku moja bila kuambiwa na daktari, arudi apimwe. Uji anaweza kunywa, usio na dagaa wa chumvi, maana chumvi hupandisha presha. Mama Yusta alinishika mkono wakati naondoka na hakuniambia neno baya. Mwalimu alikuwa bado amelala, kwa hiyo sikuagana naye. Sijui kesho atanitazamaje. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nimerudi nyumbani saa tisa. Nimekaa hapa barazani na ziwa mbele yangu halina mwanzo wala mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani akili yangu imekataa kwenda popote. Inarudi pale pale. Kwamba Mwalimu mimi nilimpata kwa bahati. Nilimpelekea unga mwenyewe, nikaingia ndani, nikamwona. Angekuwa amenunua dukani nisingejua. Ningekuwa nimekaa hapa hapa, nimestarehe, namwota yule mama wa Dar mwenye pete.

Ndipo nikaikumbuka ile katoni.

Mwezi uliopita nilimpa katoni nzima mama mmoja mwenye duka Ilagala. Nimempigia sasa hivi. Mtandao ulikuwa unakatika, sauti yake inakuja na kwenda, ila alifurahi sana kunisikia. Akaniambia unga umeisha wote, hakuna pakiti hata moja iliyobaki.

"Wazee wa huku wameupenda mno, dada. Niletee mwingine."

Nikamuuliza wazee gani. Akacheka. Akasema wengi, wengine wanatoka ng'ambo ya mto, hata yeye hawafahamu wote. Nikamwomba asiuze tena, na amwambie kila atakayemkumbuka asiache dawa zake kwa sababu ya unga wangu. Sina hakika alinisikia. Simu ilikatika na nikipiga haipatikani.

Kwa hiyo kuna mtu huko. Pengine anakoroga uji saa hii, ameridhika, vidonge vyake vimefungwa kwenye leso na kuwekwa mahali. Ananiamini. Hajawahi kuniona.

Gari la kwanza la Ilagala linaondoka alfajiri, na mimi nitakuwemo. Sina jina hata moja la kuulizia. Nitaanza na mlango wa kwanza.