Pazia la Karamu ya Aziza

Jumatatu, 4 Agosti

Kaki tena. Agosti nzima ni kaki. Sare za watoto wa shule, na katikati yake mashati ya harusi ya watu wasiojua kupanga siku zao. Mgongo unauma. Mguu wa kulia umekufa ganzi juu ya cherehani.

Mchana Mariamu amekuja dukani na chakula na habari. Binti yetu Aziza amefaulu. Mkunga kamili, mwenye cheti. Nimemwacha mteja na futi shingoni, nikatoka nje, nikasimama tu barabarani. Nimelia kidogo. Sioni aibu kuandika.

Mariamu anataka karamu, na si nyumbani. "Kila siku mi na masufuria. Hii mara tukule resto, kama watu." Nimekubali kabla sijafikiri. Ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyonizeesha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefikiri. Nimejuta.

Aziza ana ombi moja tu: bibi yake aje kutoka Muyinga, akae mezani, ale. Ana haki. Wakati wa vita tulimpeleka kwa bibi huyo hajaota meno, akaturudia anajua kusoma. Mwisho wa mwezi anakwenda kazini Makamba, na kutoka huko hatakuwa anakuja kila Ijumaa.

Tatizo ni mimi. Bibi wa Aziza ni mama mkwe wangu. Uislamu aliupokea Muyinga alipoolewa, lakini alizaliwa Itaba, mlimani, na mila za huko alikwenda nazo. Moja hajaiacha. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume, wala mkwe hali mbele yake. Tangu nimuoe Mariamu sijaona kinywa cha mama yake kikitafuna, naye hajaona changu. Hatuna ugomvi hata kidogo. Namheshimu kuliko wengi walionilea. Akija kwetu hapa Gitega, mtaa wa Nyamugari, yeye anakula chumba cha ndani, mimi sebuleni, mlango umefungwa. Nikienda Muyinga nakula kwa shemeji Hamisi, kwa sababu nyumba ya Bibi haina mlango wa ndani, ni uwazi tu. Nimezoea.

Lakini mgahawa hauna mlango katikati. Nikiwepo, Bibi hali. Bibi asipokula, Aziza hatagusa kitu, namjua. Nimemwambia basi mimi nitabaki nyumbani, kuna kaki. Amekasirika. "Baba, mi sitaki mumoja. Nataka wote wawili, ndani ya fasi moja." Mkaidi. Kafanana na bibi yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga duka mapema, nimezunguka mji.

Kwanza ile hoteli mpya ya barabara ya lami. Viti vizuri, vyoo vizuri. Bia mezani, muziki unapiga kifuani, na nyama ya nguruwe inachomwa jiko moja na ya mbuzi. Nimeshukuru, nimetoka.

Kisha kwa Karimu, ambaye babu yake alitoka India akafungua duka la vitambaa hapa. Pilau yake haina mpinzani Gitega. Ila chumba ni kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya mlangoni, mpishi anakuombea rehema jikoni. Nikimweka Bibi pale tutagongana magoti. Hapana.

Mahali pa tatu pameshachukuliwa na harusi. Pa nne vilevile. Watu wanaoana kama vile mwezi wa tisa umepigwa marufuku.

Nimechoka. Miguu inanuka vumbi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kila mtu ana mawazo, hakuna mwenye miguu. Hamisi amepiga simu kutoka Muyinga, amesimama kwenye upepo, namsikia nusu. "Beau-frère, shemeji yangu, chukua resto ya buffet! Kila mutu anajipakulia, problème imeisha." Nimemuuliza: mimi na mama yako tusimame foleni moja na sahani mkononi, mmoja nyuma ya mwingine? Akasema betri ya simu inakwisha moto.

Mariamu anasema nimwombe mama yake alegeze, siku moja tu. Nimemjibu vibaya. Mwanamke ameshika jambo maisha yake yote, katika vita, katika njaa, katika ujane, halafu mimi nimwombe aliache kwa sababu ya kuku wa mgahawani? Tumelala tumegeuziana migongo, mimi na Mariamu, kwa jambo ambalo si letu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata. Nyuma ya soko, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Sifa. Mkristo, lakini nyama anachukua kwa mchinjaji wetu, na siku ya wageni Waislamu haweki bia. Jumapili ijayo ilikuwa ya harusi, bibi arusi ameahirisha. Mungu amsamehe, ametufaa.

Ukumbi ni mrefu. Katikati kuna nguzo mbili, na nimesimama pale nikiziangalia mpaka Mama Sifa akadhani nimeona ufa. Kutoka nguzo hadi nguzo unapita waya. Juu ya waya, pazia. Bibi na wanawake upande mmoja, mimi upande wa pili, na Aziza akae mwishoni mwa pazia, pale kitambaa kinapoishia, atuone wote. Fasi moja, mahali pamoja, kama alivyosema.

Nimemwambia nitaleta kitambaa. Akauliza cha nini. Hapo nikashikwa. Utaanzaje kumweleza mwanamke usiyemjua habari ya kinywa cha mama mkwe wako? Kwetu jambo hilo halitajwi hata baina ya ndugu. Nikasema: "Ni mapambo." Amefurahi, anapenda mapambo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeweka kaki pembeni, wenye watoto wanisamehe. Nimeshona pazia. Kijani, maua meupe, pindo mara mbili ili lianguke vizuri. Pete za chuma juu, moja moja kwa mkono, kwa sababu cherehani haijui pete. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama. Sasa siinuki.

Mariamu amekuja kuniita kula, akaliona. Akalishika, akalipima kwa macho, akaelewa. Baadaye amenipaka dawa mgongoni bila kuombwa. Yameisha.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Wakatoliki, nusu ya soko imefungwa. Baada ya sala nimepeleka pazia kwa Mama Sifa, limekunjwa kama shati jipya. Nikamwambia ni mapambo ya ukumbi, kwa heshima ya bibi yetu. "Ego, ndiyo, nimeelewa," akasema. "Jumapili ukuye na wageni bila wasiwasi."

Nilitaka kumwonyesha nguzo. Akaitwa jikoni. Nilikuwa nimechoka kueleza jambo nisilotaka kulieleza, nikaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Bibi amefika na Hamisi, kwa teksi ya probox, kupitia Karuzi. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Kapu la maparachichi na maharage, kama kwamba Gitega hatulimi.

Amenisalimia kama kawaida yake, macho chini, leso mdomoni. "Mukwe wangu, uko muzima?" Mzima, mama. Amezeeka. Mkono wake umekuwa mwepesi. Amekula ndani, mimi sebuleni, mlango umefungwa. Nilisikia anamchekesha Aziza, ila maneno sikuyapata.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike kabla sijalala, kesho nitakuwa nimeipamba habari hii.

Mama Sifa alitupokea mlangoni anang'aa. Nikaangalia nguzo. Hakuna waya, hakuna kitu. Nikaangalia mwisho wa ukumbi. Meza kuu. Juu yake, limetandikwa vizuri kabisa, pazia langu. Pete zinaning'inia pembeni kama shanga. Nyuma yake viti viwili, bega kwa bega, vimefungwa riboni. "Baba na bibi wa mutoto, mukae hapa, watu wote wawaone!"

Wageni wakapiga makofi. Wanafunzi wenzake Aziza, majirani, Hamisi mwenyewe, mjinga, naye akapiga. Ungekataaje? Tukakaa. Sijawahi kukaa karibu naye hivyo. Nilikaa wima kama bwana harusi.

Chakula kikaja. Pilau, kuku, ndizi za kukaanga. Bibi akavuta leso mdomoni, akaweka mkono mwingine mezani, akatulia. Sahani yake ikabaki. Yangu ikabaki. Aziza aliangalia sahani yake, akaangalia zetu, akaweka kijiko chini. Wenzake wakaweka vijiko. Nani atakula kabla ya mwenye karamu? Kuku walikuwa wanapoa na watu walikuwa wanatazamana.

Nilimchukia Mama Sifa. Kisha nikajichukia mimi, maana kosa lake ni ulimi wangu uliofungwa.

Nikasema nina simu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi karibu na jiko la brosheti, mishikaki ya kwetu, moshi machoni. Upepo wa Agosti unapenya koti. Nikaamua nitakaa pale mpaka wamalize. Fundi anashona nguo za harusi asizoalikwa, ndiyo kazi. Lakini iliuma. Ni mtoto wangu.

Yaliyofuata nimeambiwa na Mariamu. Bibi alikuwa anapapasa ukingo wa meza, mkono wake ukafika kwenye pete. Akahesabu kwa vidole. Akamwita Mama Sifa. "Kitambaa ya meza haiko na mapete. Hii ni pazia. Nani alishona?" Baba Aziza, akajibiwa, alisema ni mapambo ya heshima yako. Mama Sifa akaangalia nguzo, akaangalia pazia, akajipiga paji la uso. Akataka kutafuta waya hapo hapo. Bibi akamzuia, chakula kinazidi kupoa.

Aziza akaja nje. Amefuta macho vibaya. "Baba, Bibi anakuita."

Nimeingia. Bibi alikuwa amesimama, pazia limekunjwa mkononi mwake, na kiti chake ameshakisogeza nyuma ya changu na kukigeuza. Alikigeuza mwenyewe, kikaangalia ukuta. "Mukwe wangu, ukae. Tupeane mugongo. Macho iko mbele, haiko nyuma."

Nikakaa nikiangalia watu. Yeye akakaa akiangalia ukuta, sahani magotini. Migongo ya viti imegusana. Nikasikia bismillah, ya chini. Kisha nikasikia anatafuna.

Nimesikia mama mkwe wangu anakula. Alivunja mfupa wa kuku. Umri ule, na meno yote yapo! Nikatafuna pilau yangu, nikameza, naye bila shaka alinisikia.

Aziza alivuta kiti mpaka pembeni yetu, kati ya migongo miwili. Katikati ya mlo akanipa kisahani, kimetoka nyuma. Firigisi. Sehemu ya mkwe. Siipendi firigisi, tangu utoto. Nimekula yote.

Aziza peke yake ndiye aliyetuona wote wawili tunakula. Alikula sahani mbili. Fanta zilikuwa za moto.

Jumanne, 19 Agosti

Bibi na Hamisi wameondoka asubuhi. Amebeba pazia ndani ya kapu, chini ya mchele tuliompa. Hakuniomba, na mimi sikuuliza. Ameniaga macho chini, leso mdomoni, kama kawaida.

Kaki zimenisubiri. Mama wa watoto watatu amenigombeza mbele ya duka. Ana haki.

Jumapili, 31 Agosti

Aziza ameondoka juzi kwenda Makamba. Mariamu amefua shuka zake mara moja, kisha akazifua tena. Nyumba ni kubwa ghafla.

Hamisi amepiga simu jioni, leo bila upepo. Anasema Bibi alimwita apigilie misumari miwili na kufunga waya kwenye ule uwazi wa nyumba yake, kati ya sebule na chumba cha ndani. Pazia linaning'inia hapo. Limegusa chini kidogo, sikulipima kwa nyumba ile, nitalipunguza nikifika. Bibi anauliza nitakuja lini kula kwake.

Nimesema wiki ya pili, shule zikishafunguliwa. Zimebaki suruali nne.