Chungu Kibichi na Vidole vya Bibi Yako

Ugonile, mke wangu mdogo Tumaini,

Sisi wazima. Kakao imechanua, na bibi yako bado ananigombeza, kwa hiyo naye mzima.

Unauliza kama uache dawa za viungo uote jua tu kama bibi yako, kwa kuwa daktari amekuta vitamini D yako iko chini. Kosa ni langu, nilikuhadithia nusu.

Bibi yako alipovimba vidole kule Matema, mama yangu, mfinyanzi, alimfungia ndani miezi kadhaa. "Chungu kibichi hukauka kivulini. Ukikitoa juani kinapasuka!" Basi mke wangu akawa chungu. Nikamtorosha hadi ufukweni mwa ziwa, akaota jua, akacheka, nami nikatangazia kijiji kizima kwamba nimemponya.

Uongo mtupu! Uso ulichangamka, lakini vidole havikunywea mpaka alipopewa dawa hospitalini. Sehemu hiyo niliiruka, ilikuwa inaniharibia sifa.

Meza dawa zako zote, na hiyo vitamini kama daktari alivyosema. Jua nalo ota, huko ofisini hamlioni.

Bibi yako anakufinyangia chungu. Krismasi uje ukipokee kwa mikono miwili.

Babu yako mtundu