Sauti Moja Imebaki, Nami Nasema Sijambo

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya siku yangu ya kliniki, maana mimi ni kinyozi na kwa miaka mingi nimeugua maradhi ya akili, nilikuwa nasikia sauti tatu zikigombana kichwani kama wake wenza, dawa ya zamani ilizipunguza lakini ikanitetemesha mikono hata nikaiweka mashine ya kunyolea kabatini, sasa hospitali inajaribu dawa mpya nami nikakubali kushiriki, wengine wanapewa mpya wengine ya zamani na hata muuguzi hajui nani kapewa ipi, ila mimi mikono imetulia, nimerudi kazini, na Jumamosi baba, ambaye tangu niugue hakutaka nimsogelee na wembe, aliketi kwenye kiti changu akafumba macho nikamnyoa ndevu, nusura nilie. Tatizo ni kwamba sauti moja imebaki, haina ubaya, kazi yake kukejeli vichwa vya wateja, "Kichwa gani hiki, boga?" nami nabana kicheko, lakini muuguzi akiniuliza, "Kaka, sauti bado zipo?" najikuta nasema, "Hakuna, dada, namshukuru Mungu," kama mtu aliyeulizwa hujambo, naye anafurahi, anaandika, na nikisema kweli naogopa atavunjika moyo nami nirudishwe kwenye ile dawa ya kutetemesha, nifanyeje?

Kinyozi wa Boga

Kinyozi wangu, hongera kwa mikono, na pole kwa boga. Nimeshacheka, sasa nikugombeze.

Hujambo ni ya mlangoni. Ukishaketi mbele ya muuguzi, adabu ni kusema panapouma. Mficha uchi hazai. Mtihani huu ni wa dawa, si wako wala si wa huyo dada. Wewe unaipa dawa alama za bure, kesho aandikiwe mgonjwa mwenye sauti kali kuliko yako, aambiwe inazinyamazisha zote. Huo ni wema gani?

Mwambie: mbili zimenyamaza, moja imebaki, na inasema hivi na hivi. Mwambie pia majibu yako ya nyuma yalikuwa ya adabu tu, ayasahihishe. Mikono usiisahau, hayo nayo ni matokeo, tena makubwa. Na hofu yako itoe mdomoni, muulize daktari: nikitolewa kwenye jaribio nitapewa nini? Una haki ya kujibiwa. Dawa usiiache wala usijipunguzie. Sauti hiyo ikiacha mzaha ikaanza kukuamrisha, weka wembe chini uende hospitali saa hiyo hiyo.

Baba yako anajua yote uliyopitia, akakupa shingo yake na macho kafumba. Wewe unashindwa kumpa muuguzi sentensi moja?