Skrubu ya Ralanti

Nchelenge, 4 Februari 2024

Mutoto wangu Parfait,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama Pierrette. Tunatumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Arlène na watoto. Hapa tunapumua. Miguu yangu imevimba, na muuguzi anasema ni moyo uliochoka kusukuma. Ameniambia nisitegemee mvua zijazo. Sisemi hivyo ili uhuzunike. Nina miaka sabini na sita, na nimefundisha watoto wa watu niliowafundisha. Inatosha.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu pumzi yangu inakatika kabla sentensi haijaisha. Kwenye karatasi ninaweza kupumzika katikati ya neno na hakuna anayejua. Cadette, yule anayevusha samaki, ataifikisha ng'ambo ya ziwa na kumpa dereva wa Lubumbashi.

Nina swali la ufundi, kwa kuwa wewe ndiwe fundi wa ukoo. Kuna pikipiki ya zamani, ya injini ndogo. Inawaka na inakimbia vizuri, lakini ukiachia gesi inazimika. Haishiki ralanti: ule mngurumo wa chini wa kusimama haupo kabisa. Shida inaweza kuwa nini?

Baba mukubwa wako,
Hippolyte


Lubumbashi, 25 Februari 2024

Baba mukubwa,

Heshima zangu kwako na kwa Mama Pierrette. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye atelye, mikono ina girisi. Pole kwa miguu. Iinue juu ya mto na uache chumvi. Bila shaka mama ameshakuambia na wewe umejifanya kiziwi. Sisi ni wazima.

Sasa pikipiki. Swali langu la kwanza kwa mteja yeyote ni: umeweka esanse ya wapi kwenye tangi? Nyinyi watu wa ziwa nawajua! Ikikosekana barabarani mnanunua kwa wavuvi, ile ya injini ya mtumbwi, iliyochanganywa na oili. Mtumbwi unaitaka hivyo, pikipiki haiitaki. Itatoa moshi, buji ya cheche itakuwa nyeusi na yenye utelezi, na uchafu wa chupa utaziba kile kitundu kidogo ndani ya karbirateri kinacholisha ralanti peke yake. Ndiyo maana inakimbia lakini haitulii: kitundu kikubwa bado ni kizima.

Mwaga esanse yote. Fungua karbirateri, ioshe, puliza kitundu kwa mdomo. Usikichokoe kwa waya, kitapanuka. Weka buji mpya. Ukimaliza, washa, ngoja injini ipate joto, ndipo uguse skrubu ya ralanti, kidogo kidogo.

Nimefurahi kuandikiwa. Tangu papa afe, karibu miaka saba, hakuna mutu wa Nchelenge aliyeniuliza chochote. Mwaka jana Chishimba, wa huko kwenu, alinikuta hapa sokoni, akasema, "Mwana wa mlevi, habari?" Alikuwa anatania. Nilicheka naye. Siku ile sikula.

Mutoto wako,
Parfait


Nchelenge, 17 Machi 2024

Mutoto wangu,

Tumefurahi kusikia kwamba mko wazima. Mimi sasa nalala nimeketi, maana nikilala chali ni kama nazama.

Maelezo yako ni safi. Ningekuwa bado na kalamu nyekundu ningekupa kumi juu ya kumi. Nina swali la pili, nalo ni la mwisho. Tuseme mutu hakusafisha chochote. Alichukua turnevisi, akakaza skrubu ya ralanti mpaka pikipiki ikaacha kuzimika, akairudisha kwa mwenyewe bila kusema neno. Tuseme pia breki ya nyuma ilikuwa imekwisha, na mwenyewe alizoea kupunguza mwendo kwa kuachia gesi tu. Akishuka mteremko na mzigo nyuma, itakuwaje?

Nijibu kama fundi. Usinionee haya.

Baba mukubwa wako,
Hippolyte


Lubumbashi, 6 Aprili 2024

Baba mukubwa,

Nisamehe kwa salamu fupi, dereva anangoja.

Hiyo ni hatari. Skrubu ikikazwa hivyo, injini inaendelea kuvuta hata ukiachia gesi. Kwenye tambarare hutajua. Kwenye mteremko mutu anaachia gesi akitegemea injini imshike, nayo badala ya kumshika inamsukuma. Na breki ya maana hana. Atashangaa kwa sekunde mbili, na sekunde hizo ndizo zinazoua.

Nani amefanya hivyo? Fundi gani huyo? Nenda kwa mwenye pikipiki leo, hata kama ni kubebwa. Mwambie asishuke nayo.

Mutoto wako,
Parfait


Nchelenge, 28 Aprili 2024

Parfait, mutoto wangu,

Mwenye pikipiki alishashuka. Hakuna pikipiki nyingine ninayoiulizia. Ni ile ya baba yako, na mutu wa turnevisi ni mimi.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya ajali, niliiazima kwenda Chienge, kwenye mkutano wa walimu. Nikiwa narudi esanse ikaisha. Mvuvi mmoja akaniuzia chupa, akanionya: "Mwalimu, hii ni ya mtumbwi, ina oili ndani." Nikamjibu, "Injini ni injini, bwana. Mimina." Nilifika nyumbani moshi ukinifuata. Mlangoni ikazimika. Nikaiwasha, ikazimika tena. Nikakaza skrubu mpaka ikanguruma.

Jumamosi asubuhi baba yako Apollinaire akaja kuichukua. Akafunga magunia mawili ya samaki wakavu, akaniuliza, "Mukubwa, umemtunza bibi yangu?" Nikamwambia, "Yuko vizuri." Ndilo neno langu la mwisho kwake.

Ile kamyo ya mizigo aliyoigonga pale chini bandarini uliiona mwenyewe. Watu waliuliza kwa nini hakupunguza mwendo, wakajijibu wenyewe: jana alikunywa katubi. Kweli alikunywa, vikombe viwili, kisha akalala. Asubuhi alikuwa mzima kama mimi. Alipoinama kufunga magunia alinukia sabuni. Lakini kwaya ilikataa kumwimbia mlevi. Nami, kwa kuwa ndimi mukubwa wa nyumba, nikasimama kaburini nikasema kwamba pombe imetunyang'anya ndugu. Ulikuwa na miaka ishirini na moja. Ulisimama mbele yangu, ukitazama viatu vyako. Juma lililofuata ulivuka ziwa.

Miaka yote hii nilijiambia labda haikuwa skrubu. Ndiyo sababu nilikuuliza wewe, bila kukuambia unahukumu nini. Kosa hilo nalo ni langu.

Ninakuomba msamaha. Najua ninauomba wakati ambapo huwezi hata kunipiga.

Baba mukubwa wako,
Hippolyte


Lubumbashi, 30 Juni 2024

Mwalimu Hippolyte,

Sikuulizi hali.

Barua yako imekaa karibu miezi miwili ndani ya sanduku langu la vifaa. Kila nikichukua ufunguo naiona. Kuna jambo moja silielewi. Papa alikuwa fundi kuliko mimi. Kusafisha karbirateri ile kwake ilikuwa kazi ya nusu saa. Ungemwambia tu: "Mudogo, nimeiharibu." Kwa nini hukusema?

Parfait, mwana wa Apollinaire


Nchelenge, 14 Julai 2024

Parfait,

Wape salamu wa kwako, kama utapenda kuzifikisha. Mwandiko huu ni wa Pierrette, maneno ni yangu. Mkono umekataa. Sasa naye anajua yote.

Jumapili iliyopita nilibebwa kwa kiti mpaka kanisani. Baada ya matangazo niliomba kusema, nikasema kila kitu: chupa, skrubu, na maneno yangu ya kaburini. Chalwe, kiongozi wa kwaya, alisimama akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, hizi ni dawa zinazosema, au ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akakaa. Mlangoni hakuna aliyenipa mkono. Kisha Chalwe akawakusanya wanakwaya, wakaenda makaburini kumwimbia baba yako. Mimi sikuitwa. Niliwasikia kutoka kwenye kiti changu, nyimbo tatu.

Basi, hakuna tena atakayekuita lile jina alilokuita Chishimba. Kuhusu msamaha, usijisumbue kujibu kama huwezi. Sitaandika tena.

Umeuliza kwa nini. Nimetafuta sababu kubwa, yenye kulingana na kaburi, na sikuipata. Unaujua mdomo wa baba yako. Siku nilipoanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi alinitania mwezi mzima: "Mwalimu, hata magurudumu mawili huwezi kuyahesabu?" Angejua kwamba nimeweka esanse ya mtumbwi, tena baada ya kuonywa na mvuvi asiyejua kusoma, angeisimulia soko zima. Niliogopa kuchekwa, Parfait. Hakuna kingine. Angenicheka mpaka ashike tumbo. Angekaa chini kwenye vumbi na kufungua karbirateri, bado ananicheka, na baada ya nusu saa angeshuka bandarini na samaki wake, na kurudi.

Hippolyte, mukubwa wa Apollinaire