Vitambaa Kumi na Viwili vya Mama

Kingsbury, London
4 Oktoba 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, isipokuwa mafua, ambayo huku kila mtu anayo na hakuna anayeyahesabu kuwa ugonjwa.

Kifurushi kimefika. Vitambaa vyote kumi na viwili vipo, nimevihesabu mara tatu, unanijua. Ule uzi wa nailoni niliokutumia umeukubali mkono wako. Maua ya pembeni yamesimama kama yamepigwa wanga. Bwana Chaman, tajiri yangu, alikishika kimoja akasema, "Restuta, kwetu Mwanza mama yangu alikuwa nacho hivihivi juu ya redio." Akaamua papo hapo: kila mteja anayenunua televisheni kubwa apewe kimoja bure. Kimoja tumekibakiza dukani, juu ya televisheni ya maonyesho.

Siku za kawaida kazi yangu ni ileile: kujaza kadi za waranti, kupiga mihuri, kupanga mafaili. Lakini Jumamosi napanda gari la duka hadi Woolwich, wanakokaa wateja wetu wengi kutoka Kongo, nikawe mkalimani. Televisheni zenyewe ni za inchi ishirini na nane, wanaume wawili huzibeba macho yamewatoka. Nawaeleza wenye nyumba: isikae juu ya kabati la nguo, mtoto akivuta droo itamwangukia. Meza iwe fupi na pana. Waya usipite chini ya zulia. Nyuma paachwe nafasi, isigusane na ukuta. Kisha natandika kitambaa chako, kinashuka vizuri mpaka nyuma, na hapo ndipo wanapotabasamu. Marie-Claire, mama mmoja mwenye binti wa miaka minne, alipiga makofi: "Dada, sasa hii inafanana nyumba ya watu!"

Jambo moja tu linanikosesha raha. Kibali changu kinaisha mwishoni mwa mwezi wa tatu, na maombi yangu yako kwenye lile jengo la uhamiaji la Croydon. Wanataka barua ya mwajiri. Bwana Chaman ameahidi kuiandika. Niombee asiudhike na lolote kabla ya hapo.

Mwanao,
Restuta


Morogoro
1 Novemba 1998

Restuta mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika likiona ngazi tu. Kwenye tambarare halina neno. Mafua hayo kunywa maji ya tangawizi, usiyazoee kwa kuwa wenzako wameyazoea.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti mbele ya akina mama wa jumuiya. Mama Lila akasema, "Mwalimu, wewe pasipoti huna, vitambaa vyako vimepanda ndege!" Tukacheka mpaka chai ikapoa. Lakini nikuambie kweli, walipoondoka nilikaa nikafikiri: huko mbali kuna sebule kumi na moja zinazoujua mkono wangu, na mimi sizijui. Nieleze kila nyumba. Kuta zina rangi gani, nani anakaa hapo, watoto wangapi.

Ile televisheni uliyoniletea kwa meli nimeifumia kikubwa zaidi, kwa uzi uliobaki. Kinafika mezani pande zote nne. Wakati wa taarifa ya habari nakunja upande wa mbele tu, kama pazia. Juu nimeweka picha yako ya mahafali.

Kuhusu Croydon, fanya kazi yako, kula, na uache kucha zako zikue.

Nianze vingine?

Mama yako


Kingsbury, London
9 Desemba 1998

Mama,

Shikamoo. Kabla hujaketi, kabla hujasoma mstari unaofuata, nenda ukakitoe kitambaa kwenye televisheni. Chomoa na waya ukutani. Halafu rudi usome.

Nimepiga simu ya parokia siku mbili mfululizo. Inalia tu, haipokelewi. Barua itachukua wiki mbili au tatu, na kila siku katika hizo utakunja pazia lako utazame habari, nami nipo huku siwezi kukushika mkono.

Juzi Jumatatu Marie-Claire alikuja dukani na binti yake. Alisema, "Dada, moshi ilitoka kule nyuma, nikabeba mtoto, nikakimbia na kiatu moja." Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa amekuja kuomba televisheni nyingine, kwa kuwa waranti yake ni ya mwaka mzima na kadi niliijaza mimi. Akatoa kitambaa chako kwenye mfuko wa plastiki. Nusu ya nyuma haipo. Uzi umeyeyuka ukawa kama gundi nyeusi, na uliobaki umeingia kwenye matundu ya hewa ya televisheni.

Mama, kijitabu kinasema ukurasa wa tatu kwamba matundu yale yasifunikwe. Nilikisoma. Niliwatafsiria watu ukurasa huohuo, mkono wangu mwingine ukinyoosha kitambaa. Nilidhani wanasema blanketi, magazeti, nguo za kuanikwa. Kitambaa chako sikukihesabu. Kwetu kitu kisicho na kitambaa ni kitu kilichotupwa.

Sasa fomu ya madai. Swali la saba linauliza: je, matundu ya hewa yaliachwa wazi? Bwana Chaman alikuwa amesimama nyuma yangu, anazungumza na simu. Nikaweka alama kwenye Ndiyo. Hakuna aliyenilazimisha. Kitambaa kilichoungua nimekificha kwenye droo yangu, chini ya mihuri.

Fundi wa kampuni anakuja tarehe 14 Januari kuichukua fomu na kuifungua hiyo televisheni. Ataona nailoni ndani. Na ziko nyumba nyingine kumi. Nikisema, nafukuzwa, na bila barua ya Bwana Chaman sina kibali. Nisiposema, nasikia ving'ora vya magari ya zimamoto yakipita barabarani, nafikiri, ni nyumba ipi?

Tafadhali nijibu hata kwa neno moja, nijue umekitoa.

Mwanao,
Restuta


Morogoro
28 Desemba 1998

Restuta mwanangu,

Marahaba. Nimekitoa. Barua ilinikuta mlangoni na viatu vya kanisani mguuni, sikuvivua. Nilikishika kwa nyuma, na televisheni ilikuwa imezimwa nusu saa nzima, lakini kilikuwa bado na joto kama chapati zilizofunikwa. Nikakaa chini.

Miaka thelathini na moja nimefundisha wasichana kufuma. Nimewafundisha kupima meza, kupima kochi, kupima redio. Sikumbuki hata mmoja niliyemwambia aangalie kitu kilicho chini kinahitaji nini. Misa ya Noeli nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Mama Lila akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni goti.

Sasa sikiliza. Nyumba kwanza, fomu baadaye. Fomu haina watoto. Barua hii ikikufikia usingoje Jumamosi, usingoje gari la duka. Vaa koti uende, mlango kwa mlango, uvitoe vyote. Usieleze kwa maneno mengi. Beba kile kilichoungua, waonyeshe.

Ukimaliza, chukua kalamu, kata ulichoandika kwenye swali la saba, andika ukweli, utie sahihi pembeni kama nilivyokufundisha kusahihisha daftari. Wakiuliza nani aliyefunika, andika: Mwalimu Adventina Kokuhirwa, mstaafu, Morogoro. Mimi sina kibali cha kunyang'anywa.

Usinifiche kitu tena. Nikiogopa peke yangu na wewe ukaogopa peke yako, tunaogopa mara mbili.

Mama yako


Kingsbury, London
19 Januari 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, pole na kiti cha nyuma. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe 11, ikanikuta sijafanya lolote. Wiki nne nzima na zaidi, Mama. Nilikuwa nikinunua gazeti kila asubuhi, nasoma habari za moto tu, nikikosa nalitupa. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya.

Jumanne na Jumatano nilisema naumwa, nikaenda Woolwich kwa treni. Nyumba ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kugonga, akatoka mtoto kwenda kununua mkate akanikuta. Mzee mmoja anaitwa Albert alinicheka. "We dada! Unapana zawadi, halafu unakuja kuipora? Hii ni Ulaya ama ni nini?" Nikatoa kile kilichoungua, nikakiweka juu ya meza. Akakitazama, akatazama chake, akaenda mwenyewe kukivuta. Upande wa nyuma kilikuwa na doa la kahawia, kubwa kama kiganja. Hakucheka tena. Aliniuliza kama nimekula.

Nimepata tisa. Cha kumi ni cha Emérence, msichana aliyekuwa mjamzito tulipompelekea televisheni Oktoba. Mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Anasema halmashauri ilimhamisha kabla ya Krismasi na mtoto mchanga, hajui wapi. Televisheni aliondoka nayo. Kitambaa aliondoka nacho.

Jumatano hiyohiyo jioni nilimwambia Bwana Chaman. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakapotea, nikamwekea fomu na kitambaa mezani. Akasoma swali la saba. Akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema, "Mama yangu." Akasema, "Fomu hii ina jina la duka langu, Restuta. Jina hili nimelibeba kutoka Mwanza." Hakupaza sauti. Kisha akaenda kwenye televisheni ya maonyesho, akakitoa kitambaa chako, akakikunja polepole mara nne. "Na mimi nilikuwa nakiona kila siku," akasema. "Nikaona uzuri tu." Nilimuuliza juu ya barua ya Croydon. Akasema, "Niache kwanza."

Nilikata Ndiyo, nikatia sahihi pembeni. Jina lako sikuliandika. Nisamehe kwa hilo, niliandika langu. Fundi alifungua televisheni akatoa nailoni kwa koleo, kipande kwa kipande, na waranti imekataliwa. Bwana Chaman amempa Marie-Claire ile ya maonyesho. Tangu hapo hasemi nami. Akihitaji faili anamtuma mkewe, Lata.

Lakini sio hayo yanayoninyima usingizi. Ni Emérence na mtoto wake. Sijui wanakaa upande gani wa jiji hili.

Mwanao,
Restuta


Morogoro
14 Februari 1999

Restuta,

Marahaba. Sote wazima.

Umempata Emérence? Mengine baadaye.

Mama yako


Kingsbury, London
21 Machi 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimempata.

Samahani kwa wiki zote hizi. Sikutaka kuandika kabla sijajua, na kila Jumapili sikujua. Marie-Claire ndiye aliyenisaidia. Baada ya mimi kulia mbele yake alisema, "Dada, Mukongomani akihamishwa na serikali, ya kwanza anatafuta ni kanisa." Basi tukawa tunazunguka makanisa ya Wakongo, yeye mbele na binti yake, mimi nyuma na bahasha yangu ya kitambaa kilichoungua. La tano lilikuwa Croydon. Ni mwendo mfupi tu kutoka jengo lile lenye maombi yangu. Nilipita chini ya madirisha yake na kwa mara ya kwanza sikuyahesabu.

Ni leo, baada ya ibada. Mwanamke mmoja wa kwaya alitupeleka. Ngazi tatu, mlango wa kijani. Nilinusa kabla ya kugonga, Mama, kama mbwa. Nikasikia televisheni inaongea ndani.

Emérence alifungua. Niliingia bila kusalimu, nikaenda moja kwa moja. Televisheni ipo juu ya meza fupi na pana, imeachana na ukuta, waya hauko chini ya zulia. Juu yake hakuna kitu. Matundu yote wazi, hata vumbi limefutwa.

Nikauliza, "Kitambaa kiko wapi?" Nadhani nilipiga kelele.

Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa, akaonyesha kitanda. Mtoto wake amelala pale. Ni wa kiume, anaitwa Gires, amezaliwa Novemba. Amefungwa ndani ya kitambaa chako, maua ya pembeni yamemzunguka kidevu. Emérence akasema, "Dada, uliondoka tu nikakitoa. Kitu kizuri hivi, niweke juu ya mashine? Na baridi hii, mwenye kuhitaji ni nani?"

Marie-Claire alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilikaa sakafuni na koti langu.

Ijumaa Bwana Chaman aliweka bahasha wazi juu ya meza yangu, akasema, "Soma, kisha itume." Ni barua ya Croydon. Ameandika yote ndani yake, fomu, swali la saba, jinsi nilivyolikata, na mwisho kwamba angependa niendelee kuandika kadi zake za waranti. Sijui watu wa Croydon watalisomaje hilo. Nilisimama mbele ya sanduku la posta muda mrefu, kisha nikaitumbukiza. Zimebaki siku kumi za kibali. Ninaogopa, nakuambia ili tuogope mara moja.

Emérence anakusalimu. Anaomba, kama mkono wako haujachoka, umfumie kingine, kwa kuwa mtoto anakua na miguu inatoka nje. Nimemwambia sharti kiwe cha pamba. Hakuwa na futi ya kupimia. Tulimnyoosha Gires kitandani, akapiga mateke, tukampima kwa uzi kutoka unyayo hadi utosi, tukaukata.

Uzi huo nimeukunja humu ndani ya barua. Uufungue taratibu.

Mwanao,
Restuta